Namba E, mifupa ya 2003

Fundi alichomeka nondo chini ya tairi la mbele, akalinyanyua, na mahali fulani ndani pakalia "kloko". Akarudia. "Umeisikia, bosi? Boljointi hiyo. Haya, tega sikio na huku." Akahamia upande wa pili, kloko tena. Nilikuwa nimechuchumaa kando yake katika gereji moja ya Pasua, mjini Moshi, suruali ya kazini nimeikunja hadi magotini, nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Alipoinuka, orodha ilikuwa tayari kichwani mwake, akawa anaihesabu kwa vidole vyenye grisi: boljointi mbili, bushi za mikono ya chini, shokapu zote nne, maunti moja ya injini, rejeta iliyoanza kutoa machozi pembeni, na tairi nne, maana zilizopo zimekauka hata kama hazijawa kipara. Pamoja na ufundi, milioni mbili na laki nne.

Shemeji yangu, aliyekuja kunichukua, alikuwa ameegemea Toyota IST yake nyeupe, namba E, akizungusha funguo kidoleni. "Shemeji," akasema, "hiyo hela unayotaka kuizika kwenye hii Toyota Spacio, ungeongeza kidogo tu ukachukua gari ya maana."

Kidogo tu. Sidhani kama kuna dalali Arusha aliyewahi kuuza magari mengi kuliko maneno hayo mawili. Na nimeyatafakari muda mrefu, kwa sababu shemeji si mjinga na hesabu yake, ukiisikia harakaharaka, inaingia akilini: gari la milioni sita na nusu linadai matengenezo ya milioni mbili na ushee, kwa nini usilitose?

Nadhani tunakosea tangu tunapouliza. Tunajiuliza kama tulitengeneze gari la zamani au tuchukue jipya, wakati jipya halipo. Tunaloliita jipya ni gari ambalo Mjapani amelitumia miaka kumi, kumi na tano, hata ishirini, akaachana nalo kwa sababu zake, likapanda meli. Mwenye Spacio yuko kati ya ubovu anaoujua kwa majina na ubovu ambao bado hawajatambulishana. Wahenga wana zimwi lao likujualo kwa habari kama hizi. Walichosahau kutuachia ni bei yake, na bei hiyo inahesabika.

Kwanza namba, maana ndiyo inayotupofusha. Spacio yangu ilitoka kiwandani 2003, ikafika kwetu 2013, ikapewa namba C. IST ya shemeji nayo ni ya 2003. Niliitazama mwenyewe lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa dereva. Yeye aliiagiza 2023, ikapewa namba E. Magari mawili ya mwaka mmoja, lakini tukiegesha kanisani Jumapili lake linaonekana la juzi na langu ni la enzi za mababu. Herufi kwenye kibao inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, tena wazi kabisa, lakini ni wangapi wanaomba kadi kabla ya kuuliza namba?

Nisimwonee shemeji. Ana hoja moja nzito: miaka ishirini ya lami ya Japani si sawa na kumi ya kwangu, iliyojumuisha njia ya kwetu Kibosho wakati wa masika. Vilevile kule gari hulazimika kupita ukaguzi wa serikali unaoitwa shaken, mara ya kwanza likitimiza miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, na gari likishazeeka wengi huona heri waliuze kuliko kulipitisha tena. Ndiyo maana yanatufikia magari yanayong'aa ambayo wenyewe wameyachoka. Ila gari lililokaa mikoa ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, linaweza kung'aa juu huku chini linaliwa na kutu. Ung'avu wa bodi haukwambii lilikaa wapi.

Halafu kuna kodi, ambayo mtu huikumbuka akishapigiwa simu kwamba meli imetia nanga. Kwa gari dogo la injini ya sisi (cc) 1,500, yaani ujazo wa lita moja na nusu, Mamlaka ya Mapato, TRA, hutoza ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani yenye nauli ya meli na bima ndani yake, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 5. Gari likiwa na miaka minane hadi kumi unaongezwa ushuru wa uchakavu asilimia 15. Likizidi kumi, 30. Juu ya rundo zima inakaa VAT ya asilimia 18. Nimeikokotoa kwenye karatasi: gari lililozidi miaka kumi linalipiwa karibu shilingi 99 kwa kila shilingi 100 za thamani yake, bila kugusa tozo ndogondogo. La chini ya miaka minane ni kama shilingi 55. Na usidhani utapona kwa risiti ya muuzaji iliyoandikwa bei ya chini, kwa sababu TRA wana jedwali lao la thamani.

Maana yake, aliyeagiza IST ya 2003 mwaka 2023 alinunua magari mawili: moja la kuendesha na moja la serikali. Wenzetu Wakenya, ng'ambo ya Namanga, wamelimaliza jambo hili kwa kukataza kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tumeacha mlango wazi, tukaweka kibubu mlangoni. Na hapa kuna jambo ambalo wenye magari ya zamani hatulitaji: kodi hiyohiyo inayolifanya la kuagiza kuwa ghali ndiyo inayoshikilia bei ya la kwangu. Spacio ya 2003 katika nchi isiyo na kodi hii ingekuwa chuma chakavu. Hapa Moshi bado inauzika.

Ndiyo sababu ule ushauri unaozunguka, kwamba matengenezo yakifika nusu ya thamani ya gari basi uza, siuamini kwa mazingira yetu. Ni ushauri wa nchi ambako saa moja ya fundi ni ghali na gari la mkononi ni rahisi. Kwetu ni kinyume. Katika zile milioni mbili na laki nne, ufundi wote ulikuwa laki moja na themanini. Zilizobaki ni spea. Palipo na fundi wa bei nafuu na gari la bei ghali, mstari wa kuliacha gari lazima usogee mbele sana.

Usogee hadi wapi? Hapo ndipo nilipokaa na kalamu, baada ya kwenda Arusha Jumamosi moja na kupita kwenye yadi kadhaa. Niliyempenda, niseme ukweli, alikuwa Premio wa rangi ya fedha, toleo lililoanza 2007, viti safi, harufu ya ndani bado ya Kijapani. Milioni kumi na nane. Dalali alinisoma lafudhi kabla sijafika mlangoni. "Mangi, hii tunamalizana leoleo. Hiyo Spacio yako naipokea kwa sita, unaongeza kidogo tu."

Kidogo tu yake ilikuwa milioni kumi na mbili.

Nikachukua miaka mitatu kama kipimo, kwa sababu zaidi ya hapo ni ramli. Nikibaki na Spacio: matengenezo 2,400,000 sasa, laki moja kila mwezi ya oili, brekipedi na yatakayojitokeza, ambayo kwa miezi 36 ni 3,600,000, bima ndogo, ile inayolipa hasara ya wengine tu, 118,000 kwa mwaka, yaani 354,000 kwa miaka mitatu, na tuseme thamani itashuka milioni moja na nusu. Jumla karibu 7,850,000. Gawanya kwa miezi, unapata kama 218,000.

Nikichukua Premio: kuhamisha umiliki kuna asilimia 1 ya thamani, ada ya 50,000 na kadi mpya 10,000, jumla 240,000. Milioni moja ya kulizindua, maana gari la mtu mwingine lazima ubadilishe oili zote, plagi, chujio, na pengine betri, hata muuzaji akiapa. Elfu sitini kwa mwezi za matunzo, 2,160,000. Gari la milioni kumi na nane huwezi kulilaza na bima ndogo ukapata usingizi. Bima kubwa, inayolipia hata gari lako, ya asilimia tatu na nusu pamoja na VAT ni 743,400 mwaka wa kwanza, na kwa miaka mitatu, thamani ikiwa inashuka, ni kama milioni mbili. Kushuka thamani, milioni nne. Na kwa kuwa hizo kumi na mbili sina, ni mkopo wa SACCOS. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwenye salio, miaka mitatu inakula kama 2,350,000. Jumla karibu 11,750,000, sawa na 326,000 kwa mwezi.

Kusema kweli nilitegemea tofauti kubwa zaidi. Laki moja na kidogo kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya kukaa kwenye Premio badala ya Spacio, na siwezi kumwambia mtu mzima kwamba laki moja ni upotevu ikiwa inampa raha. Kuna wanaotumia zaidi ya hiyo kwa mbuzi choma na hawaandikiwi makala.

Ila hesabu ya wastani ina ujanja wake. Laki moja ndiyo tofauti kwenye karatasi. Kinachotoka kwenye mshahara ni rejesho la kama 398,000 kila mwezi, Januari ikiwemo. Na Januari ya Kilimanjaro tunaijua. Desemba ukoo wote umepanda kutoka Dar, kila mtu ameegesha kihambani, wazee wanahesabu vibao vya namba kimyakimya, na hapo ndipo maamuzi mengi ya kununua gari hufanyika, kichwa kikiwa bado na mbege. Wiki tatu baadaye shule zinafunguliwa na ada inadaiwa. Mkopo haujui ada. Matengenezo yanajua: boljointi mwezi huu, tairi mwezi ujao, shokapu baada ya hapo. Gereji ni mkopo usio na riba ambao ratiba yake unaipanga wewe na fundi wako. Faida hiyo haionekani kwenye hesabu yoyote ya wastani, na kwa mwenye kipato cha mwisho wa mwezi naiona kubwa kuliko ile laki moja.

Nimesema nilimpenda Premio. Nilipofungua boneti yake nikacheka, na dalali akadhani nimekubali. Injini iliyokuwa inanitazama ni 1NZ, ileile iliyomo kwenye Spacio yangu, ileile iliyomo kwenye IST ya shemeji. Toyota waliipachika kwenye magari yao madogo karibu yote ya miaka ile, na ni injini njema: ina cheni badala ya mkanda, haina makuu, spea zake zinapatikana hadi Himo. Kwa hiyo ningetoa milioni kumi na mbili, na moyo wa gari ungebaki uleule.

Kilichobadilika ni gia boksi. Spacio ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Premio wa toleo lile ana CVT, ambayo haina gia za kuhesabika; kuna mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Barabarani ni tamu, haikushtui, na mafuta inabana. Lakini inataka oili yake yenyewe. Ukiitilia hydroliki ya kawaida, kwa sababu fundi amezoea kuweka hiyo kwenye kila otomatiki, unaiua taratibu, na mgonjwa atafia mikononi mwa mnunuzi wa tatu. Nilimuuliza dalali ni oili gani iliwekwa mara ya mwisho. "Gari imetoka Japani na kila kitu, mangi." Gari lilikuwa namba D. Lilikuwa na miaka isiyopungua mitatu Tanzania.

Hapo ndipo naona hasara ambayo hakuna anayeiandika. Ukibadili gari unabadili fundi, hata kama fundi ni yuleyule. Yule wa Pasua anaijua Spacio yangu kwa mlio. Akiisikia inapinda kona ya Soweto anaweza kukwambia kinachokuja. Kwa CVT, kwa haibridi zinazochanganya mafuta na umeme, kwa magari yenye kompyuta kila kona, ujuzi huo Moshi upo ila haujatapakaa, na wengi waliokunyooshea kidole "mpeleke kwa yule" nao wamesikia tu. Ukichukua Aqua au Prius kwa sababu ya mafuta, kabla ya kuuliza bei ya gari uliza bei ya betri lake kubwa na nani wa kulifungua. Ukipata majibu mawili ya kueleweka, chukua. Mimi sina ugomvi na teknolojia. Nina ugomvi na kuwa mwanafunzi wake wa kwanza mtaani.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa Arusha hasa wanaipenda: huuzi, hutengenezi, unaliremba. Rimu kubwa, gari linyanyuliwe, viti vya ngozi, skrini ya inchi kumi kwenye dashibodi. Redio naielewa, maana ya Kijapani inaanzia masafa ya 76 na kuishia 90, na nusu ya stesheni zetu ziko juu ya hapo. Mengine, siku ya kuuza hayakurudishii hata robo. Kunyanyua ndiko kunaniudhi zaidi, kwa sababu wanaonyanyua kwa vipande vya chuma juu ya shokapu zilizokufa wanapata gari refu lenye miguu mibovu. Na zile taa nyeupe za LED zinazopachikwa kwenye nyumba za taa zilizotengenezewa balbu za zamani! Safiri usiku kutoka Usa River kuja Boma Ng'ombe uone. Kila gari la tatu linakupofusha, na mwenyewe anaamini ameboresha.

Kilele cha urembo ni kwenye mashangingi, ambapo Land Cruiser la 2008 linavuliwa taa, bampa na boneti na kuvalishwa sura ya 2016. Kazi inafanywa vizuri, usifikiri nabeza. Lakini ukikutana na mwenye gari la namna hiyo halafu akakuuzia kwa bei ya sura, umenunua barakoa.

Kama ni suala la kuishi na gari la zamani, wanaotufaa kuwaiga wako hapohapo Arusha, nao ni kampuni za utalii. Asubuhi ya Julai simama kwenye barabara ya kwenda Kisongo uhesabu Land Cruiser za mkonga, zile zenye bomba la kuvuta hewa linalopanda kando ya kioo, zinazoelekea Manyara na Ngorongoro. Nyingi zimekatwa chesisi, zikarefushwa, zikapachikwa paa la kunyanyuka, kazi ya karakana za humohumo mjini. Nyingi zina 1HZ, dizeli ya sisi 4,164 yenye pampu isiyotaka kompyuta. Wenye nazo si maskini, na hawazing'ang'anii kwa mapenzi. Kwao gari linaingia gereji kwa kalenda: Aprili na Mei, watalii wakiwa wachache, linalazwa, linafunguliwa, bushi zinatolewa kabla hazijalia. Sisi wenye magari madogo tunakwenda kwa fundi likishalia, halafu tunasema gari la zamani lina gharama. Lenye gharama ni la kushtukiza, na mengi ya kushtukiza yalitoa taarifa miezi sita kabla.

Hata hivyo mfano huo una mpaka, na wanaousahau huumia. Mkonga una chesisi, fremu ya chuma peke yake chini, bodi imekaa juu yake kwa bolti. Ukitaka unavua bodi nzima na kuanza upya. IST, Spacio, Premio hazina kitu hicho. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kutu ikishakula sakafu au mahali panaposhika miguu ya nyuma, unaweza kuchomelea, lakini gari limeshaacha kuwa lile lililopimwa kiwandani likigongwa. Hiyo ndiyo sababu moja ambayo mimi sibishani nayo: kutu ya mifupa. Injini inabadilishwa, mradi uende TRA ukaandikishe namba mpya kwenye kadi. Gia boksi inabadilishwa. Mifupa hapana.

Sababu nyingine ni maisha yenyewe kubadilika. Jamaa yangu mmoja ana Mark II yenye injini ya silinda sita, gari la heshima, analitunza kama yai. Alipokuwa anafanya kazi hapa Moshi sikuwa na neno. Mwaka jana akahamishiwa Arusha, nyumba ikabaki Moshi, sasa anakwenda na kurudi kila siku, kilomita 160. Mark II wake akienda vizuri anapata kilomita nane kwa lita. Gari la 1,500 lingempa kumi na nne njia ile. Ni tofauti ya lita nane na nusu kwa siku. Lita ikiwa shilingi elfu tatu, na Arusha bei elekezi ya EWURA, mdhibiti wa nishati, mara nyingi iko juu ya ya Dar, hiyo ni 25,500 kila siku anayokwenda kazini, zaidi ya laki tano kwa mwezi. Huyo nilimwambia auze, hata kama gari lake ni zima kuliko langu. Amenuna hadi leo.

Na tairi. Hizi sizihesabu kama kuboresha wala kama kutengeneza, ni deni. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zangu zilisomeka 1416, wiki ya kumi na nne ya 2016. Nilikuwa nimewapandisha watoto juu ya hizo hadi Tengeru na kurudi, mara ngapi sijui.

Nimetengeneza. Rejeta na boljointi kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazoweza kukulaza njiani au kukupeleka mtaroni. Tairi mwezi uliofuata. Shokapu, bushi na maunti mwishoni, na siku hiyo nilipita matuta ya Majengo nikidhani nimekosea gari. Shemeji alilijaribu, akakaa kimya mpaka mzunguko wa YMCA, akasema, "Linatembea, ila bado ni namba C."

Kabla sijalichukua nilimwomba fundi aingie chini tena na tochi, safari hii asiangalie vyuma vinavyofungwa na bolti, aangalie sakafu. Alilala chali akawa anagonga kwa mpini wa bisibisi. Tak, tak, tak, kutoka mbele kwenda nyuma. Karibu na tairi la nyuma kushoto akasita. Akagonga tena, mlio ukawa mzito kidogo.

"Hapa pana kutu, bosi."

"Nyingi?"

"Kidogo tu."

Nikamwambia aikwangue hadi afike kwenye chuma cheupe, apake dawa, na Machi kabla ya mvua tutaingia chini pamoja.